Ushauri bila fungu hautibu mgongo

Ukitaja uti wa mgongo hapa Arusha, watu wengi hufikiria homa. Leo sizungumzii homa. Nazungumzia ule mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani ya mifupa ya mgongo, ambao ukikatika miguu hufa ganzi, na mara nyingine mikono pia. Nazungumzia vilevile ubongo uliotikiswa ndani ya fuvu. Na hasa nataka tuangalie vyombo ambavyo Serikali yetu imeviunda, kizazi baada ya kizazi, ili viishauri namna ya kuwatunza watu waliofikwa na masaibu hayo.

Habari hii ina mizizi mjini kwetu. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilitaka kila mwenye nguvu aishi kwa jasho lake. Lakini liliwaweka kando watoto wadogo, wazee wasiojiweza na walemavu, kwamba hao wana haki ya kutunzwa na wenzao. Lilikuwa neno zuri. Ila Azimio halikusema nani atanunua godoro, wala nani atamgeuza mgonjwa usiku wa manane.

Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, Tanzania haikukaa kimya. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria mbili. Sheria Namba 2 ilihusu ajira, na iliwataka waajiri wakubwa watenge asilimia 2 ya nafasi za kazi. Sheria Namba 3 ilihusu matunzo. Ndipo baraza la taifa la ushauri lilipopata nafasi katika vitabu vya sheria. Matunzo yenyewe yaliwekwa juu ya familia, ndugu, serikali za mitaa, Serikali Kuu na mashirika. Wabebaji ni wengi, lakini sote twajua mzigo wa namna hiyo huishia kichwani kwa nani. Huishia kwa mama, mke au dada wa majeruhi.

Kuna jambo jingine. Mlemavu aliyekuwa akilini mwa wengi miaka ile ni yule aliyezaliwa hivyo, au aliyepoozwa na polio utotoni. Nchi yetu ilipambana na polio na ikashinda: mgonjwa wa mwisho wa virusi vya asili alipatikana mwaka 1996, na mwaka 2015 tukapewa cheti. Lakini mlango mmoja ulipofungwa, mwingine ulifunguka. Mwaka 2010 kanuni za leseni zilizipokea rasmi pikipiki na bajaji katika biashara ya abiria. Vijana walipata ajira, nasi wa Engutoto, Njiro na Sakina tukapata usafiri wa kutufikisha mlangoni. Pamoja na neema hiyo likaja kundi la watu wazima wenye nguvu zao ambao asubuhi walitoka nyumbani kwa miguu na jioni hawakuweza kuihisi.

Mtu huyo anahitaji nini? Jibu lilipatikana zamani. Mwaka 1944, daktari Ludwig Guttmann, mkimbizi kutoka Ujerumani ya Hitler, alikabidhiwa wodi ya askari waliovunjika migongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Kabla ya hapo wengi wa majeruhi wa aina hiyo walikufa mapema. Kilichowaua hakikuwa mfupa uliovunjika. Waliuawa na vidonda vya kulalia, na uchafu wa mkojo uliopanda hadi kwenye figo. Guttmann aliagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kibofu kitunzwe kwa usafi, kisha wafundishwe kazi na michezo. Mashindano aliyoyaanzisha mwaka 1948 ndiyo yaliyozaa Paralimpiki.

Zingatia hapo, msomaji. Dawa kubwa ilikuwa mikono ya watu, godoro, mpira wa mkojo na ratiba. Mambo hayo si ya miujiza, lakini yanadai fedha kila siku, kwa miaka mingi. Hapo ndipo ushauri bila fungu unaposhindwa.

Hospitali tunazo. KCMC ya Moshi imefanya kazi tangu 1971. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa Sheria Namba 7 ya 1996. Lakini daktari akishamaliza kazi yake, majeruhi hurudi kwenye chumba cha kupanga, pengine chenye ngazi mlangoni na choo cha shimo uani. Taarifa za habari hutaja waliokufa, kisha husema majeruhi wamelazwa, na habari ikaishia hapo. Kwa aliyevunjika mgongo ndiyo kwanza inaanza.

Mwezi Mei 2017 tulilia pamoja. Basi la shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni huko Karatu, tukawazika wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu walionusurika walipelekwa Marekani kwa ndege kutibiwa. Tuliwashukuru wafadhili, na tulistahili kushukuru. Lakini nchi haiwezi kuipangia bajeti huruma ya mgeni. Kijana wa bodaboda aliyeanguka Kwa Mrombo hana ndege inayomsubiri KIA.

Mwaka 2010 Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9, ikachukua nafasi ya zile mbili za 1982. Imeweka Baraza la Taifa la Ushauri, ikaweka mfuko wa taifa, na ikashusha kamati kutoka mkoa hadi kijiji na mtaa. Kwa maandishi, tumeendelea sana.

Wenzetu wamejaribu nini? Huko Marekani, sheria ya mwaka 1996 kuhusu majeruhi wa ubongo ililitaka kila jimbo linaloomba fedha za huduma liwe na bodi ya ushauri, na ndani yake wakae waliowahi kuumia pamoja na ndugu zao. Wahenga wetu walikwisha kusema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jimbo la Georgia lilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1998 wapiga kura waliridhia nyongeza juu ya faini ya dereva mlevi, nayo iingie katika mfuko wa majeruhi wa ubongo na uti wa mgongo. Aliyehatarisha migongo ya watu anachangia kuitunza.

Nasi faini za barabarani tunalipa, tena kila siku. Tangu sheria ya mwaka 1973 tuna Baraza la Taifa la Usalama Barabarani. Upande mmoja kuna baraza la kuzuia ajali, upande mwingine baraza la kuwatetea wenye ulemavu. Majeruhi wa mgongo yuko katikati ya mabaraza hayo mawili. Naona ni haki sehemu ya faini hizo ivuke kutoka upande wa kwanza kwenda wa pili, ikanunue magodoro, viti vya magurudumu na mafunzo kwa wanaouguza nyumbani.

Hilo la kitaifa litachukua muda. La mtaani halihitaji kungoja. Mkutano wa mtaa utakapoitishwa, simama umwulize mwenyekiti maswali matatu: Kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa wetu ni akina nani? Ilikutana lini mara ya mwisho? Na katika nyumba zetu hizi, ni nani amelala bila mtu wa kumgeuza?