Gari Lililoingiwa na Maji ya Mafuriko: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Gari huhesabiwa kuwa limeingiwa na maji ya mafuriko pale maji yanapopanda hadi sakafu ya ndani na kufikia nyaya, viti au injini. Magari ya aina hii huoshwa, hukaushwa na kurudishwa sokoni, mara nyingi mbali na yalipozama.

Mwezi Aprili 2024 unaonesha ukubwa wa jambo hili. Tarehe 16, mvua iliyovunja rekodi ya miaka 75 ilizamisha barabara za Dubai, mji ambao Watanzania hununua magari yaliyotumika. Tarehe 25, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kuwa mvua na mafuriko yalikuwa yamesababisha vifo vya watu 155 nchini. Mnunuzi wa Tabora yuko mwisho wa safari ndefu, kama ilivyokuwa enzi za misafara ya kutoka Bagamoyo. Gari humfikia likiwa limepita mikono kadhaa, na historia yake imebaki njiani.

Madhara hayajitokezi siku ya mauzo. Kutu hula viungio vya nyaya polepole, na maji ya chumvi huharakisha kazi hiyo. Baada ya miezi kadhaa kompyuta ya injini hupoteza mawasiliano, breki huonesha hitilafu, na mifuko ya hewa huweza kushindwa kufunguka wakati wa ajali. Gari likizimika mjini, fundi yupo karibu. Likizimika usiku katika misitu ya miombo kati ya Sikonge na Inyonga, abiria wako hatarini.

Mnunuzi avute mkanda wa kiti hadi mwisho, kwa kuwa tope hubaki sehemu isiyooshwa. Ainue zulia, atazame boliti za viti na shimo la tairi la akiba. Manukato makali ndani ya gari ni sababu ya kuuliza zaidi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa huashiria maji ndani ya injini, ingawa muuzaji mjanja huwa ameshaibadilisha. Hivyo fundi umeme wa magari, asiye wa muuzaji, apime mfumo kwa mashine.

Kwa gari la Japani, mnunuzi adai karatasi ya mnada na tafsiri yake. Mkataba utamke kuwa gari halijawahi kuzama. Aliyedanganywa anaweza kuwasilisha malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), akiwa na mkataba huo na stakabadhi za malipo.