Jiwe ndani ya pua: wakati mafua ya upande mmoja hayaponi

Kuna watu wanaotembea miaka kumi, hata makumi mawili, na jiwe ndani ya pua bila kujua. Wanganga wanaliita rinoliti. Tangu mwaka wa 1654 daktari Bartholin wa Denmark alikuwa ameandika juu yake.

Mara nyingi inaanzia utotoni. Mtoto anacheza, anaingiza puani shanga, punje ya mahindi, kifungo ao kajiwe. Anaogopa fimbo, ananyamaza. Kile kitu kinabaki pale, na chumvi zilizo ndani ya makamasi, zaidi sana kalisiumu na manyeziumu, zinaganda juu yake polepole, sawa vile weupe unavyoganda ndani ya birika la maji ya moto. Mara chache jiwe linaanzia kwa damu iliyoganda ao jino lililootea ndani ya pua.

Alama kubwa ni hii: upande mmoja tu. Mafua ya kawaida inasumbua pande zote na inapita. Hapa tundu moja linaziba, linatoa uchafu wenye kunuka, pengine na damu, na kichwa kinauma. Mgonjwa mwenyewe anaweza kuzoea harufu ile. Ni jirani yake wa darasani ndiye anahama benchi.

Wengi wanaanza na farmasi. Wanakunywa amoksisilini, uchafu unapunguka siku chache, kisha unarudi. Si ajabu: dawa inaua vijidudu, haiyeyushi jiwe. Franka zinaisha bure.

Munganga wa masikio, pua na koo, ule wanaita ORL, anaangalia ndani kwa taa ao kwa kamera ndogo. Akigusa na kifaa chembamba, anasikia kitu kigumu chenye kukwaruza. Skaneri ao picha ya radio (siyo hii ya kusikiliza!) inaonyesha ukubwa wake na pale lilipofika. Akiwa na mashaka kwamba ni uvimbe mwingine, anachukua kipande kwa kupima kwenye maabara.

Matibabu ni kulitoa. Jiwe dogo linatolewa kwa dawa ya ganzi ya pale pale. Mtoto ao mtu mwenye jiwe kubwa analazwa usingizi, na jiwe linaweza kuvunjwavunjwa kwanza. Kisha pua inasafishwa kwa maji ya chumvi. Likiachwa, linaweza kutoboa ukuta unaogawanya pua, ao hata kaakaa, mpaka chakula kinapitia puani.

Na mtoto aliyeingiza kitu leo? Musichokoe na pini wala kijiti, kitasukumwa mbali zaidi. Apelekwe kituo cha afya. Ikiwa ni pile ndogo ya mviringo, ile ya saa ao ya vichezeo, musitie maji wala dawa ya matone: inaunguza nyama ya pua kwa muda wa saa chache. Hapo hakuna kungoja kesho.