Wajibu wa Nchi Mwenyeji katika Utoaji wa Viza kwa Mashirika ya Kimataifa

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

Mwananchi wa Suma anayesafiri kwenda Malawi kupitia mpaka wa Kasumulu hufahamu kwamba Ofisa Uhamiaji wa upande wa pili ana mamlaka ya kumruhusu kuingia au kumrejesha. Mamlaka hayo ni ya kila dola na ndiyo kanuni ya jumla. Hata hivyo, nchi inayokubali kuwa mwenyeji wa shirika la kimataifa hupunguza mamlaka hayo kwa hiari yake, kwa kuwa shirika haliwezi kufanya kazi iwapo wajumbe wake watazuiwa mlangoni.

Mfano unaotajwa zaidi ni Mkataba wa Makao Makuu uliosainiwa kati ya Umoja wa Mataifa na Marekani tarehe 26 Juni, 1947. Kifungu cha 11 kinaizuia Marekani kuweka vikwazo kwa wajumbe na waalikwa wanaokwenda katika eneo la makao makuu. Kifungu cha 12 kinaeleza kuwa wajibu huo haubadiliki kutokana na uhusiano wa serikali husika na Marekani, na kifungu cha 13 kinataka viza zitolewe bila malipo na kwa haraka iwezekanavyo. Kwa hiyo, uhasama wa kisiasa pekee si sababu halali ya kumnyima mjumbe viza.

Chanzo cha migogoro ni kwamba Bunge la Marekani, lilipouridhia mkataba huo, liliweka sharti la kulinda usalama wa nchi yake. Marekani hulitafsiri sharti hilo kuwa haki ya kumkataa mtu, ilhali Umoja wa Mataifa haujaikubali tafsiri hiyo.

Mvutano huo ulidhihirika Novemba 1988, Yasser Arafat, kiongozi wa Chama cha Ukombozi wa Palestina (PLO), aliponyimwa viza ya kwenda kulihutubia Baraza Kuu mjini New York. Baraza lilipiga kura tarehe 2 Desemba: nchi 154 ziliunga mkono azimio la kuhamishia mjadala huo Geneva, Marekani na Israel zikapinga, na Uingereza ikajizuia kupiga kura. Arafat alihutubia Geneva siku chache baadaye. Kuhamisha kikao ni gharama kubwa, na haikuwa ajabu kwamba njia hiyo haikugeuzwa kuwa mazoea. Septemba 2025, Rais Mahmoud Abbas alipokataliwa viza, alihutubia kwa njia ya video.

Mkataba unaruhusu mgogoro kupelekwa kwa wasuluhishi watatu. Aprili 1988, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Marekani inawajibika kuingia katika usuluhishi huo, katika shauri lililohusu ofisi ya PLO mjini New York. Pamoja na maoni hayo, njia hiyo haitumiki kwa urahisi, kwani kikao cha wiki mbili hakiwezi kumsubiri msuluhishi.

Katika ukanda wetu, aliyekuwa Rais wa Sudan, Omar al-Bashir, aliomba viza ya kwenda New York mwaka 2013 wakati Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imetoa hati ya kumkamata. Hatimaye hakusafiri.

Tanzania nayo ni nchi mwenyeji. Mwaka 1995, Baraza la Usalama liliichagua Arusha kuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda (ICTR), na mkataba wa makao ukasainiwa Agosti mwaka huo. Mashahidi zaidi ya 3,000 walitoa ushahidi mbele ya Mahakama hiyo, baadhi yao wakiwa wakimbizi wasio na pasipoti. Bila nchi mwenyeji kuwaruhusu kuingia, kesi zisingeendelea.

Lililobaki gumu ni kutoka. Walioachiwa huru au kumaliza vifungo, na ambao hawakutaka kurejea Rwanda, waliendelea kuishi Arusha chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, kwa sababu hapakuwa na nchi iliyokuwa tayari kuwapokea. André Ntagerura, ambaye kuachiwa kwake kulithibitishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2006, alisubiri miaka 15.

Novemba 2021, Umoja wa Mataifa uliingia makubaliano na Niger, na watu wanane wakahamishiwa Niamey mwanzoni mwa Desemba. Tarehe 27 Desemba, Serikali ya Niger ikaamuru waondoke ndani ya siku saba kwa kile ilichokiita sababu za kidiplomasia. Taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za ICTR ilitoa amri ya kuzuia kufukuzwa kwao. Hawakufukuzwa, lakini hati zao zilichukuliwa na wakabaki wamezuiliwa ndani ya nyumba. Baadhi yao wamefariki dunia wakiwa Niamey.