Mgeni Asiyesema Alichokuja Kutafuta

Mu miji yetu ya Maniema, Kindu, Kasongo ao Kabambare, wako wamama wengi wenye kupangisha chumba kimoja ao viwili kwa wapita njia: mwalimu anayekuja kusimamia mitihani, mchuuzi wa mawese, mfanyakazi wa mradi, mara moja moja Muzungu wa shirika fulani. Ukikaa nao kwenye barza, masimulizi hayaishi. Mmoja atakwambia mgeni wake anakimbia kila asubuhi mpaka mtoni na kurudi, na hakuna mutu anayemfukuza. Mwingine, mgeni amekataa sombe siku tatu, anakula vitu vya mikebe peke yake na mlango amefunga. Mwingine alikuta mgeni anapiga choo picha. Wanacheka, halafu wanauliza: "Sasa huyu anatafuta nini kwetu?"

Swali hilo njo tunataka kulifuata hapa, juu si la leo. Wazee wetu waliliuliza kabla ya Bula Matari kufika, na kulikuwa na siku ambapo jibu lake lilikuwa uhai ao kifo.

Historia ya Maniema tumeisoma sana kutoka vitabu vya wageni. Mu vitabu hivyo mgeni ndiye mwenye akili na mwenyeji ndiye fumbo: mara anakimbia, mara anakataa kuuza mtumbwi, mara anaomba zawadi. Lakini vitabu hivyo hivyo, ukivisoma ukiwa umekaa upande wa mwenye nyumba, vinaonyesha watu waliofikiri sana juu ya nani analala kwao.

Tuchukue Kabambare. Tarehe 21 septemba 1869, David Livingstone alifika pahali alipopaandika Bambarre, katika safari moja na Muhammad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Chifu mkubwa, Moenekuss kwa herufi za Livingstone, alikuwa amekufa karibuni. Wana wake wawili walishika pahali pake. Mkubwa, Moenembagg, ndiye aliyesema mbele ya watu. Mdogo, Moenemgoi, ndiye aliyekuwa na utawala. Hao ndugu waliwaangalia wageni kwa mashaka. Hawakuwafukuza, lakini hawakuwafungulia mlango vivi hivi tu. Kwanza ilifanyika sherehe ya kuchanganya damu: wakachanjwa kidogo mkononi, na damu ikapitishwa kwa jani kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, huku maneno ya urafiki yakisemwa mbele ya watu wote.

Na maneno hayo hayakuwa ya kupendezana tu. Moenembagg alisema watu wa wageni wasiibe, kwani wenyeji hawaibi. Hakuna kuiba kuku, hakuna kuiba mutu; mwizi akamatwe aletwe kwa chifu. Muhammad akajibu kwamba mwenye kuiba mutu ni nguruwe. Livingstone anaandika kwa uaminifu kwamba wizi ulianzia upande wao wageni: mtumwa mmoja wa msafara alichukua kuku. Basi wenyeji walikuwa na haki ya kutaja kuku mapema.

Sisi tunasimama hapa kidogo. Kuku na mutu, vyote viwili katika sentensi moja. Anayesema hivyo amekwisha kusikia habari za misafara, anajua wageni hawa wanachukua nini. Wengi mu vijiji waliamini wageni wamekuja kuwaua, na Livingstone mwenyewe alikiri ilikuwa vigumu kuwalaumu: wageni walitokea sawa watu wa dunia nyingine, bila barua ya kuwatangulia kusema ni nani na wanataka nini. Agano la damu lilikuwa barua hiyo. Lilimfanya mgeni aseme kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, atakaa namna gani. Wale wanaosema kwamba wazee wetu walikuwa wakaribishaji tu, wenye roho nzuri isiyouliza, wanawapunguzia heshima.

Muhammad, mwenyeji alimwelewa upesi. Alitaka pembe, alitaka watu. Ni mbaya, lakini inaeleweka. Fumbo lilikuwa Livingstone. Mu mwaka 1870 alijaribu kwenda kaskazini, akarudi Bambarre tarehe 22 julai akiwa na vidonda vya miguu, na akabaki pale mpaka tarehe 16 februari 1871. Karibu miezi saba! Watu walimwona mzee wa miaka 57, asiyenunua pembe, asiyenunua watumwa, amekaa na kitabu kimoja kinene. Biblia yake aliisoma yote mara nne akiwa Maniema. Jino likimsumbua, alifunga uzi wa nguvu kwenye mzizi wake na kuupiga uzi kwa bastola nzito ao kwa fimbo mpaka jino litoke. Karatasi zilipomwishia, aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, kwa wino wa matunda ya porini. Na kila mpita njia aliulizwa maneno yale yale: mto huu mkubwa unaenda wapi?

Alitaka kujua kama Lualaba ndio mwanzo wa Nili. Leo mtoto wa shule anajua ni Kongo. Lakini tujiweke mahali pa Moenembagg. Mzee anatoka mbali hivyo, anaacha watoto wake, anaoza miguu, juu ya kuuliza maji ya watu wengine yanaelekea wapi? Mwenye bidhaa, unajua bei yake. Asiye na bidhaa anaogopesha zaidi, kwani hujui anachukua nini akiondoka.

Hofu hiyo ilionekana wazi kule Nyangwe, alikofika tarehe 29 machi 1871. Aliomba kununua mtumbwi avuke Lualaba. Alikuwa na zawadi, alikuwa na maneno mazuri, mtumbwi hakupata. Siku zilipita, wiki zikapita. Ndani ya nyumba yake mwenyewe wanaume waliotumwa kwake kutoka Zanzibar hawakutaka kuendelea na safari, wakawa wanawaambia watu: huyu hataki watumwa wala pembe, anataka mtumbwi juu ya kuwaua. Ilikuwa uongo. Livingstone hakushangaa kwamba uliaminiwa, na sisi hatushangai. Lualaba njo ilikuwa ukuta wa watu wa ng'ambo. Mwenye mtumbwi alishika ufunguo. Na huyu mzee mpole alifika kwa njia ya misafara, akala na wenye bunduki, akalala kwao. Mwenyeji alimpima kwa watu aliotembea nao. Juu ya Livingstone alikosea. Juu ya mtumbwi, hapana.

Tarehe 15 julai 1871 soko la Nyangwe lilikuwa na watu kama 1500, wengi wanawake, na vikapu vyao vya chakula na kuku. Watu watatu wa Dugumbe, mfanyabiashara aliyefika karibuni, waliingia na bunduki. Mmoja aligombana juu ya bei ya kuku. Halafu wakaanza kufyatua. Watu walikimbilia mitumbwi mu kijito, mitumbwi ikajaa, ikazama. Wengi walijitupa Lualaba wakaogelea mpaka maji yakawashinda. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400. Siku hiyo hiyo, ng'ambo, vijiji vilikuwa vinawaka moto.

Juu ya nini? Hapa tunarudi kwenye damu. Kulikuwa na mtumwa mmoja, kiongozi wa watu wa msafara, jina lake Manilla. Alikuwa amechanganya damu na Kimburu, chifu wa ng'ambo, na kwa urafiki huo alikuwa amemshambulia vijiji kumi vya maadui zake. Watu wa Dugumbe walichukia. Walitaka ijulikane kwamba urafiki unafanywa na Dugumbe peke yake, si na Manilla wala na mwingine. Kwa hiyo agano ambalo Kabambare lilikuwa sheria ya nyumba, Nyangwe limekuwa kitu cha kugombania kati ya wageni, sawa vile wachuuzi wawili wanagombania mteja. Tena Kimburu naye hakuwa mtu safi: alimtumia mgeni wake kupiga jirani. Wako machifu waliofungua mlango kwa bunduki kusudi jirani ateseke, na wajukuu wao leo hawapendi kulisema.

Livingstone aliondoka Nyangwe tarehe 20 julai, bila mtumbwi.

Si kila jambo lilikuwa la machozi. Mu mwaka 1874 Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, alifika Nyangwe naye akakosa mtumbwi. Alipopita kwa chifu Russûna, wake za chifu walikuja kumtazama hemani. Hawakutosheka na uso. Wakapandisha mikono ya nguo, wakapandisha suruali, juu ya kuona kama weupe unaendelea mpaka ndani. Akaogopa watamvua yote, akawarushia shanga ili wagombanie. Yeye aliandika kwamba wamama walikuwa na tabia ya ajabu! Wao, tunafikiri, walisema hivyo hivyo juu yake njia yote ya kurudi nyumbani.

Lakini mgeni aliyewashinda wenyeji kuliko wote hakuwa na tabia ya kushangaza hata kidogo. Ni Hamed bin Muhammed, Tippu Tip. Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, na mule anasimulia bila haya namna alivyoingia Utetera. Alikuwa amesikia kwamba zamani dada wa chifu mzee Kasongo Rushie walitekwa wakapelekwa mbali. Basi akafika akasema: mimi ni mjukuu wa mmoja wao, nimerudi kwetu. Mzee akafurahi, akampa utawala, na pembe zote zikaenda kwa mjukuu. Huyu hakuchanjwa mkono, hakutajiwa kuku wala mutu. Aliyejulikana kuwa jamaa, nani angemuuliza amekuja kutafuta nini? Tunaona hapo ndipo mlango ulivunjika kweli, kuliko hata kwa bunduki za Nyangwe, sababu chifu aliufungua kwa mikono yake mwenyewe na kwa machozi ya furaha.

Kisha vita ya 1892 mpaka 1894. Nyangwe ilianguka tarehe 4 machi 1893, Kasongo tarehe 22 aprili. Bula Matari akawa mgeni mpya. Huyu alijengesha nyumba za wapita njia kando ya barabara, na kijiji kilifagia, kilileta kuni, maji, mayai na kuku, kwa bei ya mgeni. Kumuuliza chochote haikuwezekana. Yeye ndiye aliyeuliza: wako wangapi, wanaume wangapi, kodi iko wapi.

Jambo moja linatugusa sisi wenyewe. Wengi wetu tunaosoma kijitabu hiki ni wajukuu wa pande zote mbili. Waungwana wa misafara walibaki, walioa, walizika wafu wao hapa. Kingwana chetu kilitoka kwao, na Kiswahili hiki tunachoandikia habari za kuku wa Bambarre kiliingia na watu wale walioiba kuku. Ndiyo maana hatuwezi kuandika "wageni" kana kwamba tunasema watu wengine. Mu jamaa moja utakuta babu aliyefika na bunduki na bibi aliyechukuliwa sokoni, na watoto wao wamekuwa wenyeji kabisa, sasa njo wanaopangisha vyumba.

Siku hizi mwenye kupangisha anaomba kitambulisho, anaandika jina mu daftari, anapokea feza mbele. Ni vizuri. Lakini daftari halina mstari wa kuandika kilichomleta mutu, wala wa jirani aliyesikia akikisema. Kule Kabambare ya mwaka 1869 jina la mgeni halikuwasumbua sana wale ndugu wawili. Walianza na kuku na mutu, mbele ya watu wote, na kila upande ulikuwa na kidonda kidogo mkononi cha kukumbusha.