Mkasa wa Bijlmer: Ndege ilipowaangukia watu wasiokuwa kwenye daftari

Jumapili ya Oktoba 4, 1992, ndege ya mizigo ya shirika la Israeli, El Al, iliangukia majengo mawili ya ghorofa katika mtaa wa Bijlmermeer, jijini Amsterdam, Uholanzi. Watu 43 walifariki: wanne waliokuwa ndani ya ndege na 39 waliokuwa ardhini. Hata hivyo, idadi hiyo haikupatikana kwa urahisi, na kwa miaka mingi wapo wakazi walioitilia shaka.

Ndege hiyo, aina ya Boeing 747, ilikuwa imetoka New York ikielekea Tel Aviv. Ilipaa kutoka uwanja wa Schiphol saa kumi na mbili na dakika 22 jioni. Dakika tano hivi baadaye, injini ya tatu, ambayo ni ya ndani katika bawa la kulia, iling'oka na kuigonga ya nne. Zote mbili zikaanguka.

Kutoka vitini mwao, marubani hawangeweza kuziona injini hizo. Waliwaarifu waongozaji ndege kwamba injini mbili zilikuwa zimezimika, bila kujua kwamba hazikuwapo tena. Waliomba ruhusa ya kurudi Schiphol, wakaizungusha ndege juu ya jiji ili kupunguza kimo. Walipopunguza kasi ili watue, bawa la kulia, ambalo ukingo wake wa mbele ulikuwa umeharibika, lilishindwa kuihimili ndege. Ililalia upande na kuporomoka saa kumi na mbili na dakika 35, mahali jengo la Groeneveen lilipokutana na lile la Klein-Kruitberg.

Uchunguzi ulibaini kwamba chanzo kilikuwa uchovu wa chuma katika pini zilizoshikilia mhimili wa injini kwenye bawa. Ishara ya hatari ilikuwa imekwisha kuonekana. Mnamo Desemba 29, 1991, ndege ya mizigo ya China Airlines, pia Boeing 747, ilipoteza injini zake mbili za kulia muda mfupi baada ya kupaa nchini Taiwan, na watu wote watano waliokuwamo wakafa. Baada ya mkasa wa Amsterdam, mihimili ya injini za ndege za aina hiyo ilibuniwa upya.

Swali gumu zaidi lilikuwa huko ardhini. Bijlmermeer ulijengwa kuanzia miaka ya 1960 kama mtaa wa kisasa, lakini kufikia 1992 ulikuwa makazi ya wahamiaji wengi, hasa kutoka Suriname, visiwa vya Antilles na Ghana. Baadhi yao hawakuwa na vibali vya kuishi nchini, na majina yao hayakuwamo katika daftari lolote la serikali. Katika siku za kwanza, maafisa walihofia kwamba waliokufa walizidi 200. Waokoaji walipofukua vifusi, idadi ilishuka hadi 43. Lakini majirani waliuliza: mtu asiyeandikishwa popote, na ambaye moto umemteketeza, atahesabiwaje?

Serikali iliahidi kuwapa vibali manusura wasiokuwa na hati iwapo wangethibitisha kwamba waliishi katika majengo hayo. Walioomba walikuwa wengi kuliko waliokubaliwa, kwani ushahidi wa makazi ndio hasa watu hao waliokuwa wameuepuka kwa kuogopa kufukuzwa nchini.

Miaka iliyofuata, wakazi na waokoaji walilalamikia uchovu usiokwisha na matatizo ya kupumua. Shaka ilizidi kwa sababu kinasa sauti cha chumba cha marubani hakikupatikana kamwe. Mnamo 1998 ilifichuka kwamba miongoni mwa shehena mlikuwamo lita 190 za kemikali iitwayo DMMP, ambayo yaweza kutumiwa kutengeneza gesi ya sumu ya sarin. Aidha, mkia wa ndege ulikuwa na vipande vizito vya madini ya urani vya kuisawazisha, na sehemu yake haikupatikana. Kamati ya bunge la Uholanzi iliyochunguza suala hilo ilitoa ripoti yake Aprili 1999, ikaikosoa serikali kwa namna ilivyoshughulikia habari za shehena na malalamiko ya wagonjwa.

Sehemu zilizosalia za majengo hayo karibu na palipoanguka ndege zilibomolewa. Mahali hapo pana mnara wa ukumbusho, na kando yake mti ulionusurika moto, ambao wakazi huuita mti ulioona yote. Kila Oktoba 4 watu hukusanyika chini yake kuwakumbuka waliokufa, wale ambao majina yao yanajulikana na wale ambao jamaa zao huamini kwamba hawakuhesabiwa.