Kikombe cha Fedha Nacho Kina Cheti Chake

Nikisema fedha leo sina maana ya noti za mfukoni. Nasema fedha madini, ile nyeupe ing'aayo, ambayo wamisionari wa enzi za ukoloni waliileta kwa sura ya vyombo vya ibada.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini nilikuwa mtumishi wa altare pale Nangwa, chini ya Mlima Hanang. Kazi yetu vijana kila Jumamosi ilikuwa kusugua chetezo na vinara kwa majivu na ndimu. Lakini kalisi, kikombe cha misa, hatukukigusa. Kwa kanuni za siku zile kilikuwa kimewekwa wakfu kwa krisma, na mlei hakukishika kwa mkono mtupu. Siku moja sakristani alikigeuza kwa kitambaa, nikaona alama ndogo kwenye kitako. Moja ilifanana na kinubi chenye taji. Nikadhani ni mikwaruzo tu.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa. Kinubi chenye taji ni muhuri wa wakaguzi wa Dublin, Ireland. Unathibitisha kwamba katika kila sehemu 1,000 za chombo, 925 ni fedha halisi. Karibu yake huwapo herufi ya mwaka na alama ya fundi. Wala kinubi hicho hakikufika Hanang kwa bahati. Katika miaka ya 1940 eneo la Mbulu lilikabidhiwa mapadre Wapalotini kutoka Ireland, na askofu wa kwanza, Patrick Winters, alikuwa mmoja wao.

Chombo cha Mjerumani kina mwezi mchanga na taji, mara nyingi pamoja na namba 800. Cha Birmingham kina nanga, cha London kichwa cha chui. Vingine vimechorwa jina la wazazi waliomzawadia mtoto wao siku ya upadrisho. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha chombo.

Wapo wasemao: hivyo ni vitu vya mkoloni, viuzwe tupate mabati. Nimeshuhudia mahali fulani, siyo Nangwa, mnunuzi akipima kalisi kwenye mizani kama sukari. Akishakiyeyusha, muhuri na majina vimekwisha. Mimi nauliza: ni mkoloni peke yake aliyekitumia? Mbele ya kikombe hicho babu zetu walifunga ndoa, na marehemu wetu waliombewa. Ni historia yetu pia.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1283, inataka vitu vya thamani viorodheshwe, nakala moja ikae parokiani na nyingine jimboni. Kanuni ya 1292 inasema kitu chenye thamani ya sanaa au historia hakiuzwi kihalali bila idhini ya Roma.

Basi wazee wa kanisa, chukueni daftari. Andikeni aina ya chombo, kimo, uzito na kila alama. Kipigeni picha, kitako kikionekana. Na majivu yale tuliyotumia sisi, acheni: yanakwaruza, yanafuta muhuri na kumaliza dhahabu iliyopakwa ndani. Kitambaa laini chatosha.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.