Jina Lililo la Wengi

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Hawakusema kama jina hilo liwe la mtu mmoja au la watu elfu. Siku hizi, katika darasa moja la shule ya msingi hapa Mwanza, mwalimu akiita Brian wanaweza kuitika watoto watatu. Ndipo linapozuka swali ambalo limeingia katika nyumba nyingi: mtoto apewe jina linalovuma, au atafutiwe lile ambalo jirani hana?

Kwetu Kiseke swali hilo limekuja na mjukuu. Mimi naitwa Shija. Kwa Wasukuma, pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada ya mapacha ni Shija. Mwanangu ni Mabula, maana alizaliwa wakati wa mvua. Angekuwa msichana tungemwita Kabula. Sasa Mabula na mkewe wanataka mtoto wao aitwe Brian. Mkwe wangu, kwa adabu, hakuniambia mwenyewe. Alimtuma mumewe.

Ndugu msomaji ataona uzito wa jambo hili akikumbuka jinsi tunavyoandika majina. Karatasi inataka jina la mtoto, la baba na la babu. Huyu atakuwa Brian Mabula Shija. Mtoto wake ataandikwa jina lake, kisha Brian, kisha Mabula, na Shija litakuwa limedondoka. Mjukuu wake hatakuwa hata na Mabula. Vizazi viwili tu, na karatasi itakuwa imesahau kwamba ukoo huu uliwahi kupata mapacha, au kwamba mvua ilinyesha siku fulani.

Hata hivyo nilipokaa kufikiri niliona kwamba kosa la jina haliwezi kuwa wingi wake. Simama mnadani Magu au Sengerema uite "Mabula!" uone vichwa vitakavyogeuka. Kulwa na Doto wamejaa nchi nzima. Majina ya mababu zetu yalikuwa ya wengi kwa sababu mvua huwanyeshea wengi. Hayakukusudiwa kumtenga mtoto na wenzake. Yalikusudiwa kueleza alivyokuja.

Basi tuangalie majina mengine yalivyotufikia. Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwenye ufuko huu wa Mwanza. Akaliona ziwa ambalo wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Hilo ndilo lilikuwa jina lililovuma kuliko yote kwao. Hakumuuliza mvuvi hata mmoja. Malkia alifariki mwaka 1901, ukoloni ukaondoka, jina likabaki kwenye ramani. Jina likishazoeleka halimsubiri tena mwenye nalo. Hapa kwetu mtaa unajulikana kwa nyumba zilizojengwa na mfuko wa pensheni wa PPF. Mwaka 2018 mfuko huo uliunganishwa na mingine ukawa PSSSF, lakini utasikia bado watu wakisema wanakwenda Kiseke PPF.

Baada ya Speke walikuja wamisionari. Mapadre Weupe walifungua misheni Bukumbi, kusini mwa mji wetu, mwaka 1883, na pamoja na ubatizo yakaja majina ya watakatifu. Joseph, Maria na Yohana, ambayo leo tunayaona kama ya bibi na babu zetu, yalikuwa mageni wakati huo kama Brian alivyo mgeni kwangu. Watu waliyapokea bila kuyaacha ya nyumbani. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922 akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha. Alipobatizwa Desemba 1943 alichukua jina la Julius. Akayabeba yote mawili mpaka mwisho wa maisha yake.

Kuna hatari nyingine katika jina linalovuma, nayo ni kwamba mwenye sifa anaweza kuharibikiwa. Nilikuwa mwanafunzi wakati wa vita vya Kagera. Machi 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Idi Amin ilijaribu kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane. Shuleni kwetu alikuwepo mwenzetu aitwaye Idi, na msomaji anaweza kukisia maneno aliyoyasikia siku zile. Lakini jina lake halikufa. Idi ni sikukuu, na mtoto aliyezaliwa wakati wa sikukuu aliitwa hivyo kabla ya Amin na ataendelea kuitwa hivyo baada yake. Jina lenye mzizi wake lenyewe halianguki mtu mkubwa anapoanguka.

Ng'ambo ya kaskazini ya ziwa hili hili, Kisumu, tumeona namna nyingine. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo, aliposhinda urais wa Marekani Novemba 2008, akina mama waliojifungua siku zile waliwaita watoto wao Obama, na wasichana Michelle. Mwaka 2012 mama mmoja wa Siaya aliwaita mapacha wake Barack na Mitt, kwa majina ya wagombea wawili walioshindana. Wako waliocheka. Mimi sioni tofauti kubwa na Mabula. Mvua ilinyesha, tukaandika mvua. Furaha ilishuka Kisumu, wakaandika furaha. Mtoto wa mwaka ule akiulizwa jina lake limetoka wapi, analo la kujibu.

Hapo nikaanza kuona kinachopaswa kuulizwa. Si wangapi wanalo jina hili, bali mtoto ataambiwa nini siku atakapouliza. Na ni lazima liulizwe mapema kuliko zamani. Zamani mtoto aliyelia usiku na mchana bila ugonjwa kuonekana, wazee waliuliza ni babu gani anayetaka jina lake, na mtoto akabadilishiwa. Leo cheti hakibadilishwi kwa kilio. Tangu mwaka 2014 mkoa wetu umo katika mpango wa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Ni jambo jema, maana mtoto asiye na cheti hupata taabu mbele. Lakini kalamu ikishapita, kubadili jina ni kazi ya viapo na ada.

Kwa hiyo nilimuuliza Mabula: "Akikuuliza kwa nini Brian, utamwambia nini?" Nilikuwa tayari kumweleza kwamba Brian lilikuwa jina la mfalme wa Ireland aliyeuawa vitani Clontarf mwaka 1014, na kwamba huko nako lina wenyewe. Hakulihitaji hilo. Alinijibu, "Baba, wewe jina lako lililetwa na mapacha. Langu lililetwa na mvua. Hili tumelichagua mimi na mama yake, tukakaa usiku kucha tukalipenda. Nitamwambia hivyo."

Sikuwa na la kuongeza. Kama jina la zamani lilikuwa habari ya namna mtoto alivyokuja, basi na hili ni habari: alikuja kwa watu wawili waliokesha wakimsubiri. Kwamba wengine nao wamekesha na jina hilo hilo hakupunguzi kitu.

Mtoto ameandikwa Brian Mabula Shija. Lililobaki ni lile ambalo karatasi haiwezi, nalo ni kazi yetu sisi wazee. Brian, ukisoma ukurasa huu nami sipo, ujue kwamba Shija aliwafuata Kulwa na Doto, na kwamba baba yako alikuja na mvua. Jina lako lilipochaguliwa, nilikuwapo, nikakubali.